Tufuate Vitendawili Mpaka Kolo

Ndugu msomaji, kitendawili!

Bila shaka umejibu, "Tega." Basi sikiliza.

Nilikwenda kunywa maji, sikurudi. Mahali niliponywa pakawa mji.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Ndiyo desturi yetu. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Mtegaji huupokea, hujigamba kidogo, kisha hutoa jibu. Mmoja hutoa Mwanza, mwingine hutoa Tanga. Miji hiyo hutolewa kila jioni vijijini mwetu, wala hakuna mtu anayehama.

Leo tutacheza kwa namna nyingine. Ukishindwa hutatoa mji. Utaondoka, utembee, ukalione jibu kwa macho yako. Tutaanza Dodoma na kumalizia Kolo, katika Wilaya ya Kondoa. Ni mwendo wa kama kilomita 180 kwenda kaskazini. Njiani tuna vitendawili vitano. Mwisho wa njia kuna barua. Barua hiyo imefichwa maweni. Ni ya zamani sana, na inaendelea kufutika. Kwa hiyo safari hii si ya mchezo tu.

MCHEZO WA BARUA ZILIZOFICHWA

Kwanza tujue mchezo wenyewe ulianzia wapi.

Huko Uingereza, upande wa kusini-magharibi, kuna nyika iitwayo Dartmoor. Ni nchi ya upepo, matope na vilima vya mawe makubwa yaliyopandana. Mtu wa Dodoma akipelekwa huko atasikia baridi kali, lakini mawe yale hayatamshangaza. Ni mawe ya matale, kama yale tunayoyaona yamekaa juu ya vilima vya Dodoma.

Mwaka 1854 palikuwa na mtu aitwaye James Perrott. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni waliotaka kutembea katika nyika hiyo. Mahali paitwapo Cranmere Pool palikuwa mbali na pagumu kufikika. Perrott akaweka chupa hapo. Kila mgeni aliyefika alitia ndani kadi yenye jina lake. Ilikuwa ni ushahidi kwamba amefika.

Baadaye watu wakaanza kuacha barua na kadi zilizoandikwa anwani. Mtembezi aliyefuata alizichukua, akazipeleka posta. Kwa hiyo barua yako ingeweza kukaa nyikani siku nyingi ikimngoja mtu mwenye miguu mizuri. Chupa ikageuka sanduku. Sanduku moja likazaa mengi. Mwaka 1938 liliwekwa sanduku jingine mahali paitwapo Ducks' Pool, kwa kumkumbuka mwandishi William Crossing, ambaye aliandika sana habari za nyika hiyo.

Siku hizi masanduku hayo ni maelfu. Ndani ya kila sanduku mna daftari na mhuri. Hutaambiwa sanduku liko wapi. Utapewa maneno ya fumbo: anza hapa, tazama kule, hesabu hatua kadhaa, inama. Ukilipata, unapiga mhuri katika kitabu chako, unaandika jina lako katika daftari, kisha unalirudisha sanduku palepale. Huchukui kitu. Anayefuata alikute kama ulivyolikuta wewe.

Mwaka 1998 gazeti moja la Marekani liliandika habari za mchezo huu. Wamarekani wengi wakaupenda, wakaanza kuficha masanduku yao.

Sisi tunajua masanduku ya namna nyingine. Barua zetu haziletwi mlangoni. Zinakwenda posta, katika sanduku lenye namba, S.L.P. Mwanakijiji asiye na sanduku huandikiwa kwa S.L.P. ya shule au ya ofisi. Na fumbo tunalo tangu zamani. Basi tuna barua, tuna masanduku, tuna mafumbo. Tunachohitaji ni kuviunganisha na kutembea.

KITUO CHA KWANZA: DODOMA

Turudi kwenye kitendawili chetu. Nilikwenda kunywa maji, sikurudi. Mahali niliponywa pakawa mji.

Jibu ni tembo. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo alikwenda mtoni kunywa maji. Matope yakamshika, akawa anazama. Watu waliomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya," yaani amezama. Neno hilo likawa jina la mahali, na hatimaye likawa Dodoma.

Wako wanaosimulia vingine. Wanasema kundi la Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe. Wakawachinja na kuwala wote, wakabakiza mikia. Wakaichomeka mikia hiyo katika matope. Wahehe walipofika kudai mali yao, wakaambiwa, "Tazameni, ng'ombe wenu wamezama." Masimulizi ni mawili, lakini neno ni lile lile: kuzama.

Mji huo uliopewa jina kwa ajili ya matope uko katika nchi kavu. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka. Karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine mbingu hufungwa. Pengine ndiyo sababu watu hawakusahau mahali ambapo palikuwa na maji ya kumzamisha tembo.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yetu yahamie Dodoma. Shughuli ilikwenda polepole. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika hapo kutoka Dar es Salaam. Msomaji wa pwani hana tena kisingizio cha umbali.

KITUO CHA PILI: MZEE MNENE

Kitendawili! Babu yangu ni mnene, ana maji tumboni, lakini fundi seremala hamtaki.

Tazama kando ya njia. Jibu limesimama. Ni mbuyu.

Mti huu umeumbwa kwa ajili ya nchi kavu. Shina lake hutunza maji kama mtungi. Kwa muda mrefu wa mwaka hauna majani. Ndiyo maana unaonekana kama mti uliopandwa kichwa chini, mizizi juu. Maua yake hufunguka usiku, na popo huyatembelea na kuyachavusha. Mbao zake ni laini na zimejaa maji, hazifai kwa meza wala kwa mlango. Hiyo ndiyo bahati yake. Mti usiofaa kwa mbao huishi maisha marefu.

Lakini mbuyu unafaa kwa mambo mengine mengi. Magome yake hutoa kamba. Majani yake machanga ni mboga. Ubuyu wake una vitamini C kwa wingi. Na kwa mtembezi, mbuyu ni alama ya njia isiyopotea. Wazee wakimwelekeza mgeni husema, "Ukifika kwenye mbuyu, shika mkono wa kulia." Hawasemi hivyo kwa mti mdogo. Mti mdogo unaweza kukatwa kesho.

Kumbuka neno hili, ndugu msomaji. Fumbo la njia linataka alama inayodumu.

KITUO CHA TATU: NIMELALA SIGEUKI

Kitendawili! Kichwa changu kiko Misri, miguu yangu iko Afrika Kusini, na leo umenikanyaga kitovu.

Jibu ni barabara. Barabara inayopita Dodoma kwenda Kondoa, Babati na Arusha ni sehemu ya njia kuu ndefu kutoka Cape Town mpaka Cairo. Zamani, kipande cha Dodoma mpaka Babati kilikuwa cha udongo. Masika yakifika, safari ilikuwa ni kusukuma gari na kulala njiani. Mwaka 2018 barabara ya lami ya kipande hicho, yenye kilomita 251, ilizinduliwa. Safari iliyokuwa ya siku nzima sasa ni ya saa chache.

Basi panda basi. Utapita Mayamaya. Utaingia Wilaya ya Chemba, iliyogawanywa kutoka Kondoa mwaka 2012. Utaona mashamba ya mtama, uwele na alizeti, na mifugo malishoni. Magharibi ya njia hii ndiko wanakoishi Wasandawe. Lugha yao ina sauti za kidoko, yaani zile za kualisha ulimi mdomoni. Shika jina hilo la Wasandawe. Tutalihitaji mwisho wa njia.

KITUO CHA NNE: MLIMA ULIOVAA TENA

Kitendawili! Mama yangu aliuza nguo zake akabaki uchi. Sasa amevaa tena.

Umekaribia Kondoa. Tazama vilima vya Irangi, nchi ya Warangi. Jibu ni vilima hivyo.

Kwa miaka mingi ardhi hii iliumia. Miti ilikatwa kwa mashamba na kuni. Mifugo ilikuwa mingi kuliko malisho. Mvua iliponyesha ilibeba udongo, ikaacha makorongo. Mengine yalikuwa na kina cha kummeza mtu na nyumba yake. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu waliuita HADO. Mwaka 1979 ukachukuliwa uamuzi mgumu. Mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi, lenye kilomita za mraba 1,256.

Uamuzi huo uliwaumiza wengi. Kumwambia mfugaji aondoe ng'ombe wake ni kama kumwambia aondoe mkono wake. Lakini ardhi ilijibu. Nyasi ziliota, kisha vichaka, kisha miti. Mchanga ulitulia mabondeni na watu wakalima humo. Baadaye wananchi waliruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa bandani, wakiwakatia majani na kuwaletea.

Makorongo mengine bado yapo, ukiyatazama utayaona. Udongo uliokwenda na maji haurudi. Lakini vilima vimevaa. Hili nalo ni fundisho la safari: kitu kilichoumia kinaweza kupona, kama watu watakiacha kipumzike. Kuna vitu vingine ambavyo haviponi. Hivyo ndivyo tunavyoviendea sasa.

KITUO CHA TANO: BARUA YENYEWE

Kitendawili! Niliandikwa kabla ya herufi. Sina bahasha, sina stempu. Nyumba yangu ni jabali. Wengi hunitazama, hakuna aliyemaliza kunisoma.

Shuka Kolo, kijiji kilicho kando ya barabara, kaskazini ya mji wa Kondoa. Hapo kuna ofisi ya hifadhi. Jiandikishe, lipa kiingilio, upewe kiongozi. Usiende peke yako. Kiongozi ndiye fumbo lako lenye miguu. Bila yeye utapita hatua chache tu kutoka kwenye jibu, usilione.

Kutoka Kolo mnakwenda kwanza kwa gari au pikipiki mpaka karibu na kilima kiitwacho Mungomi wa Kolo. Kisha mnapanda kwa miguu. Njia ina mawe na miiba. Vaa viatu vinavyoshika, chukua maji, ondoka asubuhi kabla jua halijawa kali. Si mlima wa kumtisha mtu mwenye afya. Mwenda pole hajikwai.

Juu kuna majabali yaliyoinama mbele kama paa la kibanda. Chini ya paa hilo, ukutani, utaona rangi nyekundu. Mwanzoni utadhani ni kutu ya jiwe. Tulia. Acha macho yazoee kivuli. Hapo ndipo barua inapofunguka. Utaona twiga. Utaona tembo. Utaona pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Utaona watu warefu, wembamba kama mabua ya mtama, wenye vichwa vikubwa vya mviringo.

Hii ni michoro ya miambani ya Kondoa. Haiko Kolo tu. Iko pia Pahi, Fenga, Thawi, Kisese na mahali pengine pengi. Inakadiriwa kwamba sehemu zenye michoro ni kati ya 150 na 450, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliingiza eneo hili katika orodha ya Urithi wa Dunia. Maana yake ni kwamba mali hii iko kwetu, lakini dunia nzima inahesabu kuwa imepoteza kama sisi tukiipoteza.

Mwaka 1951 Mary Leakey na mume wake Louis walikaa huku wakinakili michoro hiyo. Mary alikuwa mchoraji mwenye mkono makini. Aliweka karatasi inayopenya nuru juu ya picha, akafuata kila mstari. Mwaka 1983 kazi yake ilitoka katika kitabu. Leo picha nyingine zinaonekana vizuri zaidi katika kitabu hicho kuliko jabalini.

NANI ALIANDIKA, NA ALISEMA NINI?

Michoro myekundu ndiyo inayodhaniwa kuwa ya zamani zaidi. Ilichorwa na watu walioishi kwa kuwinda na kuokota matunda, asali na mizizi. Wataalamu wengi wanaihusisha na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Rangi ilitokana na mawe mekundu yaliyosagwa, na inadhaniwa yalichanganywa na mafuta. Baadaye ikaja michoro myeupe, minene zaidi. Hiyo inahusishwa na wakulima na wafugaji waliofika baada ya wawindaji.

Lakini inasema nini? Hapo ndipo kitendawili kinapokuwa kigumu.

Chukua picha moja mashuhuri ya Kolo. Kuna watu watano. Yule wa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa pande zote mbili. Wako walioitazama wakasema, "Huyu anatekwa. Wawili wanamvuta, wawili wanamtetea." Wengine wamewatazama Wasandawe na ngoma yao ya simbo, ambayo mchezaji huweza kupandwa na kupoteza fahamu. Wao wanasema, "La, huyu hatekwi. Amezidiwa na ngoma, na wenzake wanamshika asianguke."

Picha ni moja, lakini mmoja anaona vita na mwingine anaona msaada. Nani ameshinda? Hakuna wa kumpa mji, kwa maana mtegaji amekwisha kufa. Mbele ya jabali lile, profesa na mtu aliyejifunza kusoma mwaka jana ni wanakisomo sawasawa. Wote wanaanza na a, e, i, o, u.

Barua mpya bado zinapatikana. Mwaka 2018 mtafiti kutoka Poland, Maciej Grzelczyk, alikuwa katika pori la akiba la Swagaswaga, humu humu Mkoa wa Dodoma. Alikuta michoro mingi ambayo haikuwa imeandikwa katika vitabu. Katika jabali moja, lililopewa jina Amak'hee 4, kuna watu watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2021. Huenda lipo jabali karibu na kijiji chako ambalo wachunga mbuzi wanalijua, lakini vitabu havilijui.

BARUA INAFUTIKA

Sasa tuseme lililotuleta.

Michoro hii ina maadui. Jua huipausha. Maji ya mvua huiosha. Miti iliyo mbele ya majabali ikikatwa kwa mkaa, jua na upepo hupiga ukuta moja kwa moja. Moto ukiwashwa pangoni, masizi hupanda juu ya picha. Wageni wengine huimwagia maji ili rangi ing'ae wapige picha. Wengine huandika majina yao ukutani. Mtu wa namna hii amejifunza kuandika, lakini hajajifunza mahali pa kuandika.

Mungomi pia si mahali pa kutazama tu. Wenyeji bado hufika huko kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Walifanya hivyo kabla ya ofisi yoyote kuwapo. Mgeni asicheke, asiguse kitu. Wenyeji nao na wahifadhi wanapaswa kuzungumza, ili desturi iendelee na picha zibaki. Pombe ya mtama ikimwagwa ukutani huharibu rangi. Ikimwagwa kando, tambiko linaendelea na ukuta unabaki. Mambo ya namna hii huamuliwa kwa kikao cha wazee, hayaamuliwi kwa amri.

Lakini yupo adui mwingine wa ajabu. Huyu anacheza mchezo wetu kwa ubaya.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Kondoa mwezi Aprili. Wengi wao walitoka Afrika Kusini. Mwezi Mei Wajerumani walijaribu kuwafukuza, wakashindwa. Hatimaye Wajerumani waliondoka nchini. Nyuma yao ukabaki uvumi: kwamba waliificha dhahabu, wakaacha alama mawe­ni ili warudi kuichukua.

Mtu mwenye tamaa akiona jabali lina michoro, husema, "Hizo ndizo alama." Katika mapango ya Kolo watu wamechimba mashimo wakitafuta hazina hiyo. Wanasoma barua ya mwindaji wa kale kana kwamba ni ramani ya Mjerumani!

Fikiri, ndugu msomaji. Michoro ilikuwapo muda mrefu kabla Mjerumani hajaingia nchi hii. Itamwonyeshaje mtu dhahabu ya mwaka 1916? Ni sawa na kutafuta bei ya pamba ya mwaka huu katika barua aliyoandika babu yako.

Na hasara ni kubwa. Udongo ulio chini ya jabali ni kurasa za kitabu kile kile. Ndani yake mna mkaa, zana za mawe na shanga. Huko Kisese wataalamu walichimba kwa utaratibu mwaka 1956. Walipata shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Miaka mingi baadaye shanga hizo zilipimwa. Baadhi zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mtafuta dhahabu angezitupa kando na koleo lake, asijue ameshika nini. Hazina ilikuwapo, lakini yeye aliikanyaga.

Ardhi ya Kondoa iliachwa ipumzike ikavaa tena. Picha iliyofutika haioti tena, hata ukiiacha miaka elfu. Majuto ni mjukuu.

MCHEZO HUU KIJIJINI KWAKO

Si kila mtu ataweza kwenda Kolo mwaka huu. Nauli ina wenyewe. Lakini mchezo wa barua zilizofichwa unaweza kuchezwa katika kijiji chochote. Unamfaa hasa mtu aliyejifunza kusoma karibuni. Asiyesoma mara kwa mara husahau. Na mtu husoma kwa bidii anapojua kwamba maneno yatampeleka mahali.

Fanyeni hivi:

1. Chagueni njia fupi, ya saa moja kwenda na kurudi. Wazee na watoto waiweze.

2. Tafuteni kopo lenye mfuniko unaobana, ili mvua na mchwa visiingie. Tieni ndani daftari na kalamu ya risasi.

3. Chongeni mhuri. Soli ya kandambili iliyochakaa inafaa. Chora ndege au jembe, kata kwa wembe, paka wino.

4. Fichani kopo mahali pa salama. Msilifiche kaburini, kwenye chanzo cha maji, kwenye mzinga wa nyuki wala kwenye shimo. Shimo huenda lina mwenyewe. Msikate mti wala kuchora jiwe.

5. Andikeni fumbo kwa alama zinazodumu: jabali, kisima, mbuyu, shule. Bandikeni nakala penye ubao wa matangazo.

6. Atakayelipata aandike jina, tarehe, na habari moja: ameona nini njiani. Kisha alirudishe kopo palepale.

Baada ya mwaka mmoja someni daftari hilo mkutanoni. Mtaona ni nani aliyepita, mvua ilianza lini, mti gani ulichanua. Hiyo itakuwa historia ya kijiji iliyoandikwa na wanakijiji wenyewe.

Hapa pana mfano wa fumbo la njia. Jaribu kulifumbua kabla ya kusoma jibu.

"Anza penye kivuli ambapo watu hugombana wakapatana. Lipe jua la asubuhi kisogo. Tembea mpaka kwa mama wa chuma, anayekamuliwa na watoto kila siku asikauke. Hapo fuata mkono ulao ugali. Hesabu hatua 40. Utakuta wazee watatu wenye vipara, wamekaa hawazungumzi. Nenda kwa aliye mnene. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Jibu: Anza kwenye mti wa mikutano. Tembea kuelekea magharibi mpaka kwenye pampu ya kisima. Geuka kulia, hesabu hatua 40. Utaona mawe makubwa matatu. Kopo liko chini ya jiwe kubwa kuliko yote.

Waandishi wa majabali ya Kondoa hawakuacha jina wala tarehe. Waliacha walichokiona: twiga, tembo, na watu walioshikana mikono. Barua yao imesafiri miaka mingi bila posta, ikatufikia. Sisi ni watembezi wa katikati. Kazi yetu ni ile ile ya mtembezi wa Cranmere Pool: tukiipata, tuisome, tuirudishe mahali pake, na yule ajaye baada yetu naye aikute.

MASWALI YA KUJADILI

1. Jina la kijiji chenu lina maana gani? Ni mzee gani anayelijua simulizi lake? Limeandikwa?

2. Kwa nini ni vibaya kuchimba chini ya jabali lenye michoro, hata kama mchimbaji hagusi picha?

3. Je, karibu na kijiji chenu kuna pango, jabali au mti wa kale? Nani anautunza? Mkiona michoro ambayo haijulikani, mtampasha nani habari?

4. Tungeni fumbo la njia kutoka shuleni mpaka kisimani. Mpeni mtu wa kijiji kingine alijaribu.